Koki Iliyotema Mbele ya Wageni

Nchi yetu ina heshima. Nchi nyingine zina dhahabu, zina mafuta, zina timu za mpira zinazofunga mabao. Sisi tuna heshima, tena ya kutosha kuuza nje, ila mnunuzi bado hajapatikana. Karibu sana. Keti, lakini si kwenye kiti hicho chenye kitambaa cheupe. Hicho ni cha mgeni rasmi. Hayupo, na wala hajasema atakuja, lakini huwezi kujua.

Mimi naitwa Shomvi. Kabla sijafika hapa nilipo, nilikuwa mshereheshaji wa ukaguzi katika Wizara ya Maji na Heshima. Nasikia ziko nchi ambako mkaguzi huja peke yake, bila taarifa, na mfuko wa spana begani. Anapiga magoti kwenye matope, anafungua, anapima, anaondoka, hata soda hanywi. Nimesikia hayo nikawaonea huruma watu hao. Kwetu, ukaguzi usio na turubai, ngoma, mgeni rasmi na mtu wa kushika kipaza sauti si ukaguzi. Mtu anayechungulia vyombo vya wenzake bila kupiga hodi tunamwita mwizi, na tunajua la kumfanya.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wananchi namna ya kushangilia. Mimi ndiye niliyeleta makofi ya mvua: mnaanza kwa kidole kimoja juu ya kiganja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka kiganja kizima, na uwanja unavuma kama bati wakati wa masika. Nikishusha sauti tu, watu wanaanza kidole kimoja bila kuambiwa. Nilijivunia sana jambo hilo, na sikuona ubaya wake.

Tulichokuwa tukikagua ni koki za kinga. Ngoja nikueleze, maana hata mimi nilieleweshwa nikiwa nimeshasherehesha nusu ya koki za mji. Bomba la maji ya kunywa likiwa na nguvu, maji huenda mbele, kutoka tangi la mlimani mpaka kwa watu. Nguvu ikikatika ghafla, bomba huvuta, kama mtoto anavyovuta chupa. Na likivuta halichagui. Kama kwenye kiwanda cha ngozi mpira wa maji umezama ndani ya hodhi lenye chumvi, dawa na manyoya ya mbuzi, bomba litavuta hodhi. Sasa hapo katikati ndipo inapokaa koki ya kinga. Maji yakitaka kurudi, inajifunga, na yale yaliyowahi kupenya inayatema nje kwa kitundu kilicho tumboni mwake. Yanamwagika chini, yanakauka, hayafiki kwenye kikombe cha mtu.

Na mimi nilikuwa na kikombe cha kukihofia. Binti yangu Mwanaidi anakaa Bondeni, chini ya kiwanda cha ngozi, bomba moja nacho. Alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, mpaka akakata tamaa, nami nikakata tamaa, na hata waganga waliokuwa wakila kuku wetu wakakata tamaa. Ndipo akaja Hidaya. Mama yake aliugua homa ya uzazi, maziwa yakakauka, kwa hiyo mtoto alilelewa kwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji ya bomba. Kila nikimwona anavuta chupa ile, macho yamefumba na vidole vya miguu vimejikunja, nilijisikia tajiri kuliko Waziri.

*

Siku ya kukagua koki ya kiwanda cha ngozi, maandalizi yalikuwa ya hali ya juu. Koki yenyewe ilipakwa rangi za taifa ikavishwa shada la maua. Mbuzi waliokuwa wakisubiri kuchinjwa waliogeshwa, wakafungwa utepe. Kiti cha mgeni rasmi kiliwekwa mbele ya koki kabisa, ili wapigapicha wawapate wote wawili.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Dakta Magembeleka, Waziri wa Maji na Heshima, mtu mzito kwa mwili na kwa maneno. Alivaa viatu vyeupe.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, na watu wakapiga makofi, kwa kuwa kwetu sentensi hiyo peke yake ni maendeleo. "Ndugu wananchi, nimekuja kuona kwa macho yangu. Serikali hii haiambiwi, inaona. Na nikitazama koki hii, naona nini? Naona rangi. Naona maua. Naona uzalendo!"

Baada ya ngoma na kabla ya chakula, ratiba ilimpa nafasi ndogo mhandisi wa wizara, Mhandisi Zawena Mkude, mwanamke mrefu asiyejua kutabasamu akiwa kazini, kasoro iliyomchelewesha sana kupanda cheo. Alipaswa kuielekeza koki kwa kidole na kusema, "Hii ndiyo yenyewe, Mheshimiwa." Badala yake alitoa spana mkobani, akafunga maji ya bomba kuu.

"Nakata nguvu ya maji kidogo, tuone kama inafanya kazi," akasema.

Koki ikaguna. Ikatikisika mpaka maua yakaanguka. Kisha ikatema. Ilitema maji ya kahawia yenye manyoya, yakaruka moja kwa moja mpaka kwenye kiatu cheupe cha Mheshimiwa.

Hata mbuzi walinyamaza. Mtu mzima katemewa, mbele ya watu, mchana kweupe!

"Mmeona?" Zawena akapaza sauti, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Imefaulu! Uchafu ule ungekwenda Bondeni!"

"Imefaulu," Waziri akarudia polepole, akitazama kiatu. "Imefaulu kunitemea."

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo kazi yake. Ila mlango wake wa ndani umechakaa, unahitaji kubadilishwa, ndiyo maana imetema kwa wingi namna hii."

"Dada," Waziri akasema kwa upole wa kutisha, "kwenu mlifundishwa kutema mate mbele ya wakubwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi kwa nini hukuifundisha koki yako?"

Aliinuka, akaondoka bila kula. Pilau ile tuliila wenyewe kwa huzuni, na ilikuwa nzuri sana.

*

Serikali haikukaa kimya. Iliundwa Kamati ya Adabu za Koki, ikajaa watu waliopevuka: mwenyekiti alikuwa jenerali mstaafu, makamu wake mtunzi wa nyimbo za hafla. Walizunguka nchi za ng'ambo kuona koki za wenzetu, wakarudi na taarifa kwamba huko nako zinatema ovyo, jambo linaloonyesha jinsi mataifa hayo yalivyoporomoka kimaadili.

Ikaamuliwa hivi. Kila koki ya kinga izibwe kitundu chake cha tumboni kwa zege. Kisha ipimwe upya kwa kipimo cha kizalendo: isimamishwe mbele ya kiongozi wakati wimbo wa taifa unapigwa, maji yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho, kwa kuwa kukata maji mbele ya mgeni ni aibu. Isipotema mpaka wimbo uishe, imefaulu. Inavishwa utepe wa Koki Yenye Adabu.

Zilifaulu zote. Nasema zote! Nilisherehesha mpaka sauti ikanikauka. Hospitali, machinjio, karakana ya rangi, kiwanda cha ngozi. Kila mahali koki ilisimama kimya na utepe wake, zege tumboni, na watu wakapiga makofi ya mvua. Wazee walisema hawajawahi kuona koki zenye malezi kama zile.

Zawena alinikuta kiwandani baada ya sherehe, nikikunja viti.

"Mzee Shomvi," akasema, "binti yako si yuko Bondeni? Yule mwenye mtoto mchanga?"

"Ndiye. Hajambo, mjukuu naye hajambo, anavuta chupa kama askari."

"Nisikilize. Mlango wa ndani wa koki hii umechakaa, na hawakuubadilisha. Zamani uchafu ukipenya, ulitoka kwa kitundu. Sasa kitundu kimezibwa. Utapita njia iliyobaki."

"Ipi?"

"Ya kwenda kwa watu."

Nilicheka kidogo, kwa mazoea. Yeye hakucheka.

"Wanajenga Chemchemi ya Shukrani pale ikulu," akaendelea, "ya kurusha maji juu kupita mnara. Siku watakapoifungua, itameza maji ya mji mzima. Mabomba yote yatakosa nguvu, yataanza kuvuta. Siku hiyo binti yako asimpe mtoto maji ya bomba. Wala kuchemsha hakutasaidia, dawa za ngozi hazifi kwa moto."

"Mama, mbona hayo hukuyasema kwenye kamati?"

"Niliyasema, baba. Walinipigia makofi."

Wiki haikuisha akapandishwa cheo. Walimpeleka jangwani kuwa Mkurugenzi wa Mito.

*

Usidhani nilipuuza. Nilikwenda Bondeni, nikamwambia Mwanaidi ajaze ndoo, afunike, aweke uvunguni, na siku ya Chemchemi atumie hizo. Akaniuliza siku yenyewe ni lini. Sikujua. Tarehe za sherehe kubwa kwetu ni siri ya taifa mpaka sherehe iwe imeanza, ili maadui wasipate nafasi ya kuhudhuria.

Ndoo zenyewe hazikukaa. Mjumbe wa mtaa alipita akaziona, akauliza za nini. Mwanaidi akasema za akiba. "Akiba ya nini, wakati bomba lipo?" Mjumbe akatikisa kichwa. "Kuweka maji akiba ni kulitukana bomba, mwanangu. Leo umeweka ndoo, kesho utasema tangi la mlimani linavuja." Akazimwaga mwenyewe, taratibu, bila kulowesha mkeka, kwa maana alikuwa mtu mwenye heshima zake.

"Baba, nifanyeje?" Mwanaidi akaniuliza.

"Washa redio," nikamwambia. "Siku ikifika, nitakuwa na kipaza sauti. Utajua kwa sauti yangu." Nilisema hivyo kumtuliza. Mwenyewe sikutulia, na usingizi ulianza kunipa mgongo.

Asubuhi moja gari la wizara likanisimamia mlangoni. Sikuambiwa tunakwenda wapi mpaka tulipoingia ikulu. Getini alisimama Koplo Lugendo na kikapu cha kukusanyia simu. Nilimjua, ni mtu wa Bondeni, nyumba yake inatazamana na kisima kilichofukiwa.

"Shikamoo, mzee Shomvi. Simu, tafadhali."

"Marahaba, afande. Niruhusu nimpigie binti yangu, neno moja tu."

"Mzee, ungekuwa peke yako ningekuruhusu. Wananitazama." Akaipokea simu yangu kwa mikono miwili, kwa adabu, akailaza kikapuni. Kisha akatabasamu. "Nyumbani binti yangu anakusubiri redioni muda huu. Akikusikia tu, anapanda juu ya kigoda, anashika mwiko kama kipaza sauti, anakuiga. Utasikia, 'Nchi nzima, makofi!' Mama yake hapiki siku hizo."

Nikacheka naye. Nikapanda jukwaani.

*

Sitaki kuwaonea wivu walioiona Chemchemi ikifunguka, maana nami niliiona, na kwa kweli ilipendeza. Mtukufu Rais alibonyeza kitufe, maji yakaruka yakapita mnara, yakapita bendera, upinde wa mvua ukatokea, na wanawake wakapiga vigelegele. Mheshimiwa Magembeleka alilia machozi, akayafuta kwa ncha ya tai.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na bomba ambalo wahudumu walijazia majagi ya meza kuu. Nililiona kutoka pale niliposimama. Kwanza lilikohoa. Kisha likafanya kitu ambacho sijawahi kuona bomba likifanya: likavuta pumzi. Mhudumu aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, kikanasa. Akakibandua, akasubiri, na maji yalipotoka yalikuwa ya rangi ya chai, na ndani yake nikaona unywele unaelea.

Saa ile Hidaya huwa anaamka. Anaamka akiwa na njaa, analia, na mama yake anakimbilia bomba na chupa.

Niliogopa. Sitakuficha. Mbele yangu Mtukufu, kushoto Waziri, kulia jenerali wa Adabu za Koki, na redio ya taifa inarusha moja kwa moja, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa kuizima ni kosa. Sikuwa na simu. Nilikuwa na kipaza sauti.

"Mwanaidi!" nikasema. "Mwanaidi mwanangu, usimpe mtoto maji ya bomba!"

Uwanja ukatulia. Kwa hofu sauti ikashuka yenyewe, na kwa sauti hiyo ndogo nikaendelea: "Wala mtu yeyote asinywe. Maji yamerudi, jamani. Yametoka kwenye ngozi. Asinywe mtu."

Lakini nilikuwa nimeshusha sauti. Kidole kimoja kikaanza, kikaja cha pili, cha tatu, na mvua yangu mwenyewe, niliyoifundisha mji mzima kwa mikono yangu, ikayanyeshea maneno yale mpaka hata mimi sikuyasikia. Redioni lilipita lile la kwanza tu, la mwanangu. Nilianza na wangu. Mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama ningeanza na wa watu.

Waziri alinipokonya kipaza sauti akicheka.

"Itifaki imezingatiwa! Mshereheshaji wetu leo kaja na utani. Anamtania binti yake mbele ya taifa! Basi na mimi nijibu utani." Akamimina glasi kutoka kwenye jagi, akaiinua kwenye jua. Ilikuwa kama chai isiyo na maziwa. "Maji ya nchi yetu! Nchi nzima, popote ulipo, chota, inua glasi, tunywe pamoja!"

Akanywa. Nilimwona akimeza, nikaona jicho moja likifumba lenyewe. "Matamu," akasema. Jenerali akanywa, akasema matamu. Meza kuu nzima ikanywa, na mtunzi wa nyimbo za hafla akaomba ya pili. Huko majumbani watu wakasikia, wakachota.

*

Waheshimiwa waliruka jioni ile ile kwenda kutibiwa ng'ambo, kwenye zile nchi ambazo koki zake zinatema. Walipona wote, tunamshukuru Mungu. Wananchi walitibiwa hapa hapa, kwenye mikeka na kwenye korido. Wizara ilitangaza kwamba taifa limekumbwa na homa ya furaha iliyozidi, inayowapata zaidi watoto kwa kuwa hawajazoea furaha. Bondeni walichimba vijikaburi upande wa kisima kilichofukiwa. Koki zilikaguliwa upya haraka, na wimbo wa taifa ukapigwa. Hazikutema. Zilifaulu zote.

Mimi nilishitakiwa. Shitaka lenyewe lilikuwa fupi, kutema mbele ya wageni. Hakimu alisema binadamu mwenye mdomo ana udhuru mdogo kuliko koki, na kwamba haki ni usawa, basi nami nizibwe. Hukumu yangu ni kutosema neno mpaka siku zege litakapotolewa kwenye koki za nchi hii. Kuandika hawakukutaja, nadhani walisahau, na mimi si mtu wa kuwakumbusha wakubwa.

Mlinzi wa chumba chetu cha wageni hapa gerezani ni Lugendo. Si koplo tena. Walimvua cheo kwa kuwa siku ile alisimama karibu nami, na heshima yake ikaingia shaka. Huwa hazungumzi. Simuulizi habari za nyumbani, kwanza kwa sababu nimekatazwa kusema, pili kwa sababu siwezi.

Jana Mwanaidi alikuja kunitazama. Alimbeba Hidaya, ambaye sasa anakaa mwenyewe na anakula uji. Maji wanachota kwenye mfereji wa mlimani, mwendo wa kuchosha, na anachota kwa siri, mjumbe asijue. Alikaa akamlisha mtoto mbele yangu ili nimwone. Kijiko cha kwanza Hidaya alimeza. Cha pili alikiweka mdomoni, akafikiri, akanitazama babu yake, kisha akautema uji wote. Ukaruka ukatua kwenye kiatu cha Lugendo.

Mwanaidi alipauka. Sheria mpya inasema kumtemea mwenye sare, hata ukiwa mchanga, kunaripotiwa. Akapiga magoti na ncha ya kanga mkononi.

"Samahani, afande. Samahani sana. Mtoto hajui adabu bado, nitamfundisha."

Lugendo alikitazama kiatu.

"Usimfundishe," akasema. "Mwache ateme. Wangu alipanda juu ya kigoda, akainua glasi kama alivyoambiwa, akamaliza yote."

Mwanaidi akanyoosha kanga amfutie. Lugendo akaurudisha mguu nyuma, akasimama hivyo hivyo na uji wake kiatuni mpaka saa ya wageni ikaisha.